Milango ya Savar

Mwezi wa Januari ukungu hukaa juu ya barabara ya Dhaka kwenda Aricha mpaka saa tatu asubuhi, na dereva wa basi letu alipiga honi njia nzima. Pembeni, kabla jua halijachomoza, wanawake walikuwa wakitembea makundi kwa makundi kuelekea viwandani: shali vichwani, vyombo vya chakula mikononi, vitambulisho shingoni. Walijaa barabarani hata malori yakapunguza mwendo kuwapisha. Nilikuwa nimesoma kwamba Bangladesh ina wafanyakazi wa viwanda vya nguo wapatao milioni 4, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mauzo yake ya nje ni nguo. Kukaa dirishani asubuhi ile kulinitosha kuamini.

Nilitoka Nairobi na jambo moja kichwani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizungumza na akina mama na wasichana wanaoshona nguo katika eneo la EPZ la Athi River, lililotengwa kwa viwanda vya kuuza nje, nguo ambazo nyingi huenda Marekani. Kila mazungumzo yakifika kwenye mshahara, ukali wa wasimamizi au joto la ndani, jibu la wenye viwanda ni lile lile: wakaguzi wa wanunuzi huja, hutazama, hutoa cheti. Vyeti hivyo nimeviona, vimetiwa fremu na kutundikwa mapokezi. Nilitaka kujua ni wakati gani ukaguzi humlinda fundi aliyeketi kwenye cherehani, na ni wakati gani humlinda tu mwenye jina lililoshonwa kwenye lebo. Sijui nchi iliyolipa gharama kubwa kuliko Bangladesh ili kulipata jibu hilo.

Kiwanja cha Rana Plaza kiko kando ya barabara kuu, si mbali na stendi ya mabasi ya Savar. Mkalimani wangu, kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Jahangirnagar kilicho huko huko Savar, hakuhitaji kunionyesha. Kati ya majengo yaliyobanana, ghafla panakuwa wazi: bonde la maji na majani, na mbele yake mnara wa ngumi mbili, moja imeshika nyundo, nyingine mundu. Watu wanaosubiri basi hukaa hapo chini. Mchuuzi wa machungwa alikuwa amepanga bidhaa zake karibu na mnara.

Jengo lilikuwa la ghorofa nane, juu ya ardhi iliyokuwa dimbwi likafukiwa. Lilikusudiwa kuwa la maduka na ofisi, lakini ghorofa za juu, ambazo nyingine zilijengwa bila kibali halali, zilipangishwa kwa viwanda vitano vya nguo, pamoja na jenereta zao nzito. Tarehe 23 Aprili 2013 nguzo zilipata nyufa. Mhandisi aliyeitwa kutazama alisema jengo halifai kukaliwa na watu. Benki iliyokuwa ghorofa ya chini iliwaondoa wafanyakazi wake. Mafundi wa nguo waliambiwa waje kesho yake kama kawaida, na wapo waliotishiwa kwamba asiyekuja atakosa mshahara wa mwezi. Asubuhi ya tarehe 24 walisimama nje wakibishana na wasimamizi, mwishowe wakapanda ngazi. Kabla kidogo ya saa tatu umeme ulikatika, jenereta zikawashwa, jengo likatikisika na kuporomoka. Walikufa watu 1,134. Waliojeruhiwa walikuwa kama 2,500, na wengi wamebaki na ulemavu wa maisha.

Nilisimama pale nikimfikiria karani wa benki na fundi wa nguo. Waliingilia mlango wa jengo moja na nyufa walizozisikia ni zile zile. Karani alikuwa na mwajiri aliyeweza kufunga kazi siku moja. Fundi alikuwa na oda yenye tarehe ya kupakiwa melini, na hakuwa na mtu wa kusimama nyuma yake akisema hapana: katika viwanda vyote vitano hapakuwa na chama cha wafanyakazi hata kimoja.

Na wakaguzi walikuwa wameshapita humo. Viwanda viwili kati ya vile vitano vilikuwa vimekaguliwa kwa utaratibu wa wanunuzi wa Ulaya. Fomu zao zilihusu saa za kazi, umri wa wafanyakazi, mishahara, vizima moto. Uimara wa nguzo haukuwemo. Miezi mitano kabla ya Rana Plaza kuanguka, tarehe 24 Novemba 2012, kiwanda cha Tazreen Fashions kule Ashulia kiliungua na kuua watu wasiopungua 112; king'ora kilipolia, wasimamizi waliwaambia watu warudi kwenye mashine, na milango ilikuwa imefungwa. Septemba ya mwaka huo huo, jijini Karachi, moto wa kiwanda cha Ali Enterprises uliua zaidi ya watu 250. Kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha kutunza haki za wafanyakazi wiki chache tu kabla ya kuungua.

Jinsi cheti cha namna hiyo kinavyopatikana nilielezwa mtaani Mirpur, Dhaka, kwenye kibanda cha chai, na mtu aliyewahi kuajiriwa kiwandani kwa kazi moja tu ya kushughulikia wakaguzi. Chai ya Dhaka ni ya maziwa ya kopo, huja kwenye bilauri ndogo, na aliagiza moja baada ya nyingine huku akisema. Ukaguzi wa kawaida hutangazwa mapema. Siku mbili tatu kabla, vyoo husafishwa, sabuni hununuliwa, marobota yaliyoziba njia hurudishwa stoo. Wasichana wanaoonekana wadogo hupewa likizo. Daftari la mahudhurio huwa mara mbili: la kweli, linalotumika kulipa ovataimu, na la wageni, ambamo hakuna anayepitisha saa ya kutoka. Mafundi hukusanywa na kufundishwa majibu. Mkaguzi akiuliza mnalipwa lini, jibu ni hili. Akiuliza mnapumzika siku gani, jibu ni hili. Naye mkaguzi ana siku moja au mbili za kuzunguka kiwanda chenye watu maelfu, mazungumzo na wafanyakazi hufanyika ndani ya ua wa mwajiri, na mara nyingi ada yake hulipwa na kiwanda kile kile anachokikagua. Ripoti ikiandikwa huwa mali ya mnunuzi. Fundi haioni.

Nilimuuliza kama alimwona mkaguzi aliyegundua. Alisema waligundua wengi, kwa kuwa si wajinga. Waliandika kasoro, kiwanda kikaahidi kurekebisha, oda ikaendelea. Kiwanda kimoja kilipokea wakaguzi wa wanunuzi tofauti mwezi mmoja, kila mmoja na fomu yake, na kazi iliyobaki ilikuwa kukumbuka nani aliambiwa nini.

Yapo wanayoweza kuyabadilisha wakaguzi hawa, na ni haki kuyataja. Tangu Levi Strauss ilipotoa kanuni zake kwa viwanda mwaka 1991, na kampuni nyingine zikafuata baada ya kelele za wanafunzi na vyama vya Marekani dhidi ya viwanda vya mateso, ajira ya watoto katika viwanda vikubwa vinavyouza nje imepungua sana, na Nike ilipochapisha orodha ya viwanda vyake mwaka 2005 ilifungua mlango ambao wengine walisema haufunguki. Kitu kinachoonekana kwa macho na kisichogusa bei hurekebishika kwa njia hii. Uzito wa ghorofa hauonekani kwa macho, na hofu haionekani pia.

Mkataba uliokuja kubadilisha mambo ulikuwapo kabla ya Rana Plaza, na hii ndiyo habari niliyotaka kila mtu wa Athi River aijue. Vyama vya wafanyakazi vya Bangladesh na vya kimataifa viliandaa makubaliano ya usalama wa majengo na moto, yenye nguvu ya kisheria, ambayo yangeanza kufanya kazi zikipatikana kampuni nne za kutia sahihi. PVH ya Marekani ilitia sahihi Machi 2012. Tchibo ya Ujerumani ikafuata Septemba. Kampuni mbili zilizobaki hazikupatikana. Tazreen iliungua karatasi ikingoja. Rana Plaza ilianguka karatasi ikingoja. Kisha ndani ya wiki chache za Mei 2013, H&M, Inditex, C&A, Primark na makumi ya wengine wakatia sahihi, na mwishowe wakapita 200, wakibeba viwanda vipatavyo 1,600. Walmart na Gap walikataa kifungo hicho, wakaunda umoja wao wenyewe usio na vyama vya wafanyakazi kama wahusika wa mkataba.

Kilichomo ndani ya ule mkataba wa kwanza, ambao mkalimani wangu aliufupisha kwa jina la Accord kama wafanyavyo wote Dhaka, hakikuwa kwenye cheti chochote nilichokiona. Viti vya uongozi viligawanywa sawa kati ya kampuni na vyama vya wafanyakazi, Shirika la Kazi Duniani likiwa mwenyekiti asiyeegemea upande. Wakaguzi walikuwa wahandisi wa majengo, umeme na moto, na hawakuajiriwa na kiwanda. Ripoti ya kila kiwanda ilichapishwa wazi. Kiwanda kilichokataa kurekebisha kilikatwa na wanunuzi wote kwa pamoja, na kwa miaka iliyofuata zaidi ya 100 vilikatwa. Mnunuzi naye alifungwa: alitakiwa kuhakikisha kwamba kiwanda kina uwezo wa kifedha wa kufanya marekebisho, na akikiuka aliweza kushtakiwa. Hilo la mwisho halikubaki maneno. Mwaka 2016 mashirikisho ya vyama vya wafanyakazi ya IndustriALL na UNI yalipeleka kampuni mbili kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague. Moja ya kesi hizo iliisha kwa kampuni kukubali kutoa dola milioni 2.3, nyingi zikiwa za kurekebisha viwanda vilivyoishonea.

Wahandisi walipoingia viwandani waliorodhesha zaidi ya kasoro 80,000. Kufikia mwaka 2018 zaidi ya asilimia 80 ya zilizoorodheshwa mwanzoni zilikuwa zimerekebishwa. Nambari kubwa hupita masikioni bila kushika, kwa hiyo niliomba kuziona.

Kiwanda nilichoruhusiwa kuingia kiko Gazipur, kaskazini mwa jiji, na kinashona mashati. Msimamizi wa usalama alinitangulia kwenye ngazi. Kila ghorofa, ngazi imezungushiwa ukuta wake, na kati yake na ukumbi wa kushonea kuna mlango mzito wa chuma wa kuzuia moto. Nilisimama mbele ya mlango mmoja nikautazama. Upande wa ndani una ufito mrefu wa kusukuma kwa kifua au kiwiko. Tundu la ufunguo halipo. Pete ya kutia kufuli haipo. Fremuni, kwenye zege, bado yanaonekana matundu yaliyozibwa kwa saruji, palipokuwa na geti la chuma la kukunja. Geti la namna hiyo lilikuwa karibu kila kiwanda nchini, na lilifungwa kazi ikiendelea kwa sababu mwenye mali alihofia shati kuibwa. Niliusukuma mlango kwa kiganja. Ni mzito, lakini ulifunguka, na ukajifunga wenyewe nilipouachia.

Ghorofa ya tatu kuna stoo. Mstari mwekundu umepigwa kuzunguka kila nguzo, usawa wa kifua changu, na marobota ya kitambaa hayaruhusiwi kupita hapo. Ukutani umetundikwa mchoro wa sakafu nzima ukionyesha kila eneo linabeba kilo ngapi. Msimamizi alinieleza kwamba wahandisi walipima nondo zilizomo ndani ya nguzo kwa mashine, wakatoboa vipande vya zege na kuvipeleka maabara, kisha nguzo nne za chini zikavikwa koti jipya la zege na chuma. Tangi la maji lilishushwa kutoka paani. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya mwaka, na oda zilipungua wakati huo. Nilimuuliza nani alilipa. Alisema bosi alikopa benki. Mnunuzi je? Alitoa ahadi ya kuendelea kuleta oda, na ameendelea, kwa bei ya chini kidogo kuliko ya zamani. Alisema hivyo kwa upole, akitazama mchoro.

Jioni tulikwenda Ashulia. Nyumba za wafanyakazi ni vyumba vya mabati vilivyopangwa safu mbili zikitazamana, jiko la gesi la pamoja mwishoni, na zamu ya kupika hupangwa. Mama mwenye chumba, mshona kola wa miaka mingi, alinikaribisha kitandani, maana kiti hakikuwapo. Aliniita apa, kama wanawake wa huko wanavyoitana, nami nikamwita dada. Yumo kwenye kamati ya usalama ya kiwanda chake. Sheria ya kazi ya Bangladesh ilivyorekebishwa mwaka 2013 inataka kamati hiyo kila palipo na wafanyakazi 50 au zaidi, na Accord ndiyo iliyozifundisha kamati nyingi kazi yake.

Alinisimulia siku waliposikia harufu ya waya unaoungua kwenye sanduku la umeme nyuma ya safu yao. Msimamizi wa safu akasema endeleeni, fundi umeme anakuja. Yeye akasimama. Alisema magoti yalimtetemeka kwa kuwa alishawahi kuona mtu akifukuzwa kwa kusimama. Safu nzima ikasimama, kisha safu ya jirani, wakatoka kwa mlango usio na kufuli, kama ule wa Gazipur, mpaka uani. Katika kijitabu walichopewa kwenye mafunzo kuna namba ya simu ya malalamiko, na haki ya kukataa kazi yenye hatari imeandikwa humo kwa Kibangla. Alipiga. Wahandisi walikuja, sanduku likabadilishwa, naye hakufukuzwa. Kijitabu alikitoa chini ya godoro kunionyesha, kimechakaa kwenye mikunjo.

Nikamuuliza wakaguzi wamebadilisha nini kingine. Akafikiri. Akasema wafanyakazi hawaogopi tena ngazi. Mshahara, alisema, hilo wakaguzi hawaji nalo.

Mshahara wa chini wa sekta ya nguo ulikuwa taka 5,300, fedha za Bangladesh, kwa mwezi mwishoni mwa mwaka 2013, ukawa 8,000 mwaka 2018, na 12,500 kuanzia Desemba 2023. Miezi ya Oktoba na Novemba mwaka huo wafanyakazi waliingia barabarani kudai 23,000, polisi wakaingia pia, na wapo waliouawa. Mwenyeji wangu alisema nyongeza ilipotangazwa, mwenye nyumba alipandisha kodi kabla mfanyakazi hajaishika nyongeza hiyo mkononi. Ovataimu ndiyo inayokamilisha mwezi. Mkaguzi akija kupunguza saa za kazi ziwe kama sheria inavyotaka, wafanyakazi wenyewe husikitika, kwa maana saa hizo ndizo ada ya shule ya watoto. Kwa nini basi mkaguzi huhesabu saa na hahesabu bei?

Swali hilo nililipeleka kwa wakala mmoja wa wanunuzi, mtaani Uttara, Dhaka, kwenye ofisi iliyojaa mashati ya mfano yaliyotundikwa kwa misimu. Alinifungulia karatasi ya kukokotoa bei, huku akifunika tarakimu kwa kiganja. Mistari ilikuwa wazi: kitambaa, uzi, vifungo, lebo, mfuko wa plastiki, katoni, usafiri hadi bandari ya Chattogram, na mstari mmoja wa kukata na kushona. Mstari huo ndio unaobeba mshahara, umeme, kodi ya jengo, milango ya kuzuia moto, koti la zege na faida ya mwenye kiwanda. Kitambaa kina bei ya soko la dunia na uzi pia. Mnunuzi akitaka punguzo, mahali pa kukata ni hapo. Wakala alisema idara inayoleta kanuni za haki za wafanyakazi na idara inayobishana bei ziko ndani ya kampuni moja, kwenye ghorofa tofauti, na ya pili ndiyo inayopewa bonasi.

Mwaka 2020 jambo hili lilionekana bila pazia. Korona ilipofunga maduka ya Ulaya na Marekani, wanunuzi walifuta au kusimamisha oda za Bangladesh zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3, zikiwemo nguo zilizokwisha kushonwa. Mafundi walirudishwa vijijini bila malipo. Wengi wa wanunuzi walikubali kulipa baadaye, baada ya kutajwa hadharani mmoja mmoja. Kampuni zilizokuwa zikituma wakaguzi kuuliza kama mshahara umelipwa kwa wakati ndizo zilizozuia fedha za mshahara. Ndiyo maana naamini ukaguzi usiofika kwenye mkataba wa ununuzi, kwenye bei, muda wa kushona na masharti ya kufuta oda, ni nusu ya ukaguzi. Sheria ya Ufaransa ya 2017, iliyozaliwa moja kwa moja na kifusi cha Savar, na ile ya Ujerumani iliyoanza kutumika 2023, zimeanza kuwagusa wanunuzi kwao nyumbani, lakini bado kwa ncha za vidole tu.

Accord yenyewe imehama mikono. Tangu Juni 2020 kazi ya ukaguzi Bangladesh imo chini ya baraza ambalo wenye viwanda nao wana viti, na watu wa vyama niliozungumza nao hulitazama kwa jicho kali. Mkataba wa kimataifa ulioirithi, ulioanza Septemba 2021, umeziacha kampuni katika kifungo cha kisheria, na mwaka 2023 ulivuka kwenda Pakistan, nchi ya Ali Enterprises. Afrika haujafika. Lesotho ilipata mkataba wake wa aina nyingine mwaka 2019, dhidi ya unyanyasaji wa kingono kwenye viwanda vya jinzi, baada ya Levi's na wanunuzi wenzake kukubali mbele ya vyama na mashirika ya wanawake kwamba oda zao zitategemea kutekelezwa kwake.

Nilimweleza dada wa Ashulia haya ya Afrika wakati chai ikichemka. Alitaka kujua wanawake wa Kenya hushona nini, wanalipwa kiasi gani, na kama nao wana namba ya kupiga. Nikamwambia tuna vyama, tuna sheria, na tuna wakaguzi wanaokuja kwa miadi. Nikamwambia pia kwamba baadhi ya kampuni zinazonunua Athi River ni zile zile zilizotia sahihi Accord. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo. Akamgeukia mkalimani, wakasemezana kwa haraka, kisha kijana akanitafsiria: dada anasema hilo ndilo la kuwauliza, kwa nini sahihi yao inafanya kazi huku tu, na anataka ukipata jibu umpelekee kupitia mimi.